Tazama Midomo Kwanza

Majuzi niliitwa kuitazama bastola ya sampuli iliyoletwa na muuzaji. Nilipofika, waliotangulia walikwisha kuikubali. Mmoja alisifu ilivyong'aa, mwingine wepesi wake mkononi, wa tatu alihesabu risasi 18 zikiingia akapiga makofi. Hakuna aliyechomoa magazini na kuitazama juu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku ile nilikiona kibaya kikitembezwa na kushangiliwa. Hasira ile ndiyo inayoandika makala haya.

Bastola ya jeshi huhukumiwa kwenye magazini, na magazini huhukumiwa kwenye midomo yake, zile kingo mbili za juu zinazoishika risasi. Mtutu ukichakaa bado utapiga, ingawa shabaha itapungua. Slaidi ikikwaruzika, imekwaruzika tu. Midomo ikipanuka kwa unene wa ukucha, risasi inainua pua kabla ya wakati, inagonga ukingo wa chemba, na askari anabaki ameshika kipande cha chuma.

Shika magazini tupu, fumba macho, pitisha kidole gumba kwenye mdomo wa kulia, kisha wa kushoto. Iwe pacha. Ukihisi mkwaruzo, bati lilikatwa kwa haraka na halikusuguliwa. Tia risasi za mazoezi, uitazame kwa ubavu: risasi ya juu ilale kwa mwinamo uleule, magazini ikiwa imejaa au imebaki na mbili. Ikiinamisha kichwa kadiri magazini inavyopungua, springi ni dhaifu. Mwisho, idondoshe sakafuni midomo ikitangulia, kutoka usawa wa kiuno, kisha upime tena. Muuzaji akikuzuia, umekwisha kupata jibu.

Afande aliyenifundisha kazi ghalani alifanya hivyo kila tulipotoka kulenga shabaha. Tulimletea magazini zote, naye akazipapasa moja moja kimya, kama mtu anayechagua mchele. Iliyopinda aliiweka juu ya fuawe na kuiponda palepale kwa nyundo. Alisema magazini mbovu haitupwi, inauawa, kwa sababu iliyotupwa hurudi rafuni.

Mabingwa walilijua jambo hili. Fedor Tokarev, alipounda bastola ya TT kule Tula, hakutaka kuyategemea mabati ya magazini peke yake. Alichonga njia ya kuongoza risasi ndani ya kile kipande kinachobeba nyundo, kwa chuma kizima, hivyo hata magazini iliyobonyea kidogo bado ililisha. Kwangu mimi hiyo ni akili kubwa kuliko mapambo yote ya karne hii. Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN aliipanga risasi mistari miwili, kisha akaibana iwe mmoja mdomoni, na Browning GP ya 1935 ikabeba 13 bila kuwa nene. John Browning mwenyewe, katika majaribio ya Machi 1911, aliiona bastola yake ikifyatua risasi 6,000 bila kukwama. Bastola hukwama mara nyingi zaidi kwenye kulisha, kwa hiyo mwenye kuhesabu 6,000 anahesabu kazi ya magazini.

Wasiolijua wamelipia. Nchini Iraq baada ya 2003, askari wa Marekani waliilaumu Beretta M9, bastola nzuri iliyochaguliwa 1985. Shida ilikutwa kwenye magazini za mkandarasi mwingine: mpako wake ulikuwa mkavu na wenye kukwaruza, ukashika mchanga, risasi zikakataa kupanda.

Walaghai nao wana mji wao. Kule Darra Adam Khel, Pakistani, mafundi hunakili bastola kwa tupa hadi alama za kiwanda. Mnunuzi mgeni husoma maandishi ubavuni na kufurahi. Mjuzi huona herufi iliyokosewa, kisha huenda moja kwa moja mdomoni na kukuta bati laini linaloitika likibonyezwa kwa kidole. Alama hunakiliwa kwa siku moja. Chuma kilichopikwa vizuri hakinakiliwi.

Kuhusu risasi nitakuwa mfupi. Geuza kitako cha ganda usome namba ya kiwanda na mwaka. Boksi lenye miaka mchanganyiko ni masalia ya mabohari, lirudishwe. Jeshini kichwa kiwe kimevikwa shaba kizima, maana Azimio la The Hague la 1899 lilikataza risasi zinazopanuka mwilini. Zile za zamani za Kirusi na Kichina nyingi zina kiwashio kinachoacha chumvi mtutuni, na kwa hewa yetu ya pwani kutu haingoji asubuhi. Mafuta hayayeyushi chumvi. Osha kwa maji ya moto, kausha, ndipo upake mafuta. Kijana anayeanza na mafuta hakufundishwa.

Zimebaki kanuni ambazo sizijadili. Nyundo ionekane kwa nje, ili askari ajue hali ya silaha yake kwa jicho na kwa kidole gumba. Rangi isimeremete. Risasi 13 zinatosha, mpini unaozidi hapo unaharibu mkono. Na 7.62 ya Tokarev, yenye umbo la chupa, huteleza chembani kwa adabu ambayo 9 mm ya Luger haijaifikia tangu 1902. Glock imevunja kanuni ya nyundo tangu Austria iipokee 1982, na majeshi mengi yameifuata. Bado nataka nyundo.

Siku ile niliomba nafasi. Nilichomoa magazini ile ya risasi 18, nikapitisha gumba, mdomo wa kushoto ukanikwaruza. Nikaijaza risasi za mazoezi, nikavuta slaidi mara moja, mbili, tatu. Ya nne ilisimama wima katika tundu, ikionekana kwa wote. Nikaiweka bastola mezani hivyo hivyo, nikaomba fuawe na nyundo.