Barua ya Mwenye Sanduku kwa Watumiaji Wenzake

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki diwani na riwaya, na mara moja moja tamthilia inapotufikia mkononi mwa msafiri kutoka nyumbani. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuhakiki barua. Si barua ya mshairi wala ya mwanasiasa. Ni barua ya mfanyabiashara wa Texas kwa wateja wake, ya tarehe 8 Agosti 2013, isiyozidi ukurasa mmoja, na siku ile ndiyo iliyobaki pale palipokuwa na mlango wa kuingilia kampuni ya barua pepe iliyoitwa Lavabit. Aliyefika kufungua sanduku lake hakukuta sanduku. Alikuta barua.

Mwandishi wake ni Ladar Levison. Alianza biashara hii mwaka 2004, na hadi siku ya kuifunga ilikuwa na akaunti zipatazo 410,000. Si kampuni kubwa kwa kipimo cha Marekani, lakini ilikuwa na sifa yake. Mteja aliyelipia huduma aliwekewa barua zake zikiwa zimefungwa kwa ufunguo uliotegemea neno lake la siri, hata mwenye kampuni mwenyewe asiweze kuzisoma zikiwa zimelala humo. Kwa maneno yetu tungesema aliuza amana. Mtu anakuachia kitu chake, nawe unamwahidi kwamba hutakigusa, na zaidi ya hapo unajinyima hata uwezo wa kukigusa.

Neno hili, amana, tutalirudia, kwa hiyo tulieleze kwa kisa kidogo cha hapa kwetu. Miaka kadhaa iliyopita chama chetu cha kuzikana kilikuwa na mweka hazina aliyeandika michango ya rambirambi katika daftari la jalada gumu. Siku moja, baada ya arobaini, ndugu wa marehemu alimwomba amsomee majina ya waliotoa na ambao hawakutoa. Mzee wetu alifunga daftari akasema, "Ndugu yangu, jumla nitakupa hadi senti ya mwisho, majina sikupi." Palikuwa na maneno, na wapo waliomwona mkaidi. Lakini mwaka uliofuata michango ilipoitishwa, hakuna aliyesita kumpelekea bahasha. Tulipoisoma barua ya Levison, huyu mzee ndiye aliyetujia akilini.

Sasa tuifungue. Barua inaanza kwa kuwaita wasomaji watumiaji wenzangu. Si wateja wapendwa, kama wanavyotuandikia wenye benki wanapotaka kupandisha ada. Ni wenzangu. Kwa Kiingereza salamu hiyo inafanana na ile wanayotumia marais wa Marekani wanapolihutubia taifa, na tunaamini hilo alilikusudia, kwa sababu muda si mrefu anaanza kuzungumzia Katiba. Lakini ukiileta katika Kiswahili inazaa kitu ambacho yeye hakukiona. Kwetu kutumia ni kukifanyia kitu kazi, na vilevile ni kumpelekea mtu barua au salamu: nitumie, nikutumie. Mtumiaji wa sanduku la barua basi ni mtumiaji mara mbili. Tunamwonea huruma mfasiri atakayetaka kuurudisha utani huu katika Kiingereza.

Baada ya salamu, barua za wazee wetu hueleza hali. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni kwenu. Levison naye anaeleza hali, ila hali yenyewe ni kwamba hawezi kuieleza. Anasema amelazimishwa kuchagua kati ya kuwa mshirika katika uhalifu dhidi ya watu wa Marekani na kuachana na kazi ngumu ya karibu miaka kumi, na baada ya kujihoji sana ameamua kusimamisha huduma. Anasema wateja wanastahili kujua yanayoendelea, lakini sheria haimruhusu kuwasimulia yaliyompata katika wiki sita zilizopita, ingawa ameomba ruhusa mara mbili.

Hapa ndipo penye ufundi wa barua, na hatujui kama ni ufundi au ni shida tu. Maneno "wiki sita" ni tobo katika ukuta. Hawezi kumtaja mtu anayetafutwa. Anataja muda. Msomaji mwenye kalenda angeweza kuhesabu kurudi nyuma hadi mwisho wa Juni, akakumbuka nani alikuwa amekwama wakati huo katika uwanja wa ndege wa Sheremetyevo, Moscow, na kwamba mwezi Julai Edward Snowden aliwaalika wanaharakati wa haki za binadamu uwanjani hapo kwa anwani ya Lavabit. Barua haisemi. Inamwachia msomaji kidole aelekeze mwenyewe.

Siri ilifunguliwa mwezi Oktoba 2013, mahakama ya shirikisho iliyoko Alexandria, Virginia, ilipotoa nyaraka. Wakuu walimtaka mteja mmoja, na jina lake lilikuwa limefutwa katika karatasi. Mwaka 2016 mtu alisahau kulifuta katika ukurasa mmoja, na kila aliyeshuku akathibitisha kwamba ni Snowden. Ila ili wampate huyo mmoja walitaka ufunguo mkuu wa kompyuta za kampuni, ule ambao aliyeushika angeweza kusikiliza mazungumzo ya akaunti zote. Levison hakuwa mtu wa kubisha kila amri. Huko nyuma alikwisha kutii amri zilizomhusu mteja mmoja mmoja. Lakini kumpa mtu funguo za nyumba nzima kwa sababu anamtafuta mpangaji wa chumba kimoja, hapo alishikwa na kigugumizi. Mwanzoni alifika mahakamani bila wakili. Alipoamriwa akabidhi ufunguo, aliukabidhi umepigwa chapa kwenye kurasa 11 kwa herufi ndogo mno, kiasi kwamba wapelelezi wangelazimika kuketi na kunakili herufi moja moja. Jaji hakucheka. Alimtoza dola 5,000 kwa kila siku ya kuchelewa. Siku mbili zikapita, ufunguo ukatolewa katika hali ya kusomeka na kompyuta, na papo hapo mwenye nyumba akaizima nyumba.

Kwa hiyo barua ile ina jambo kubwa ambalo halimo. Msomaji wa siku ile alidhani anasoma barua ya mtu aliyekataa. Kumbe anasoma barua ya mtu aliyetoa ufunguo, kisha akahakikisha hakuna tena mlango wa kuufungulia. Je, tumwite mwongo? Hapana. Alifungwa mdomo, na kila sentensi aliyoiandika ni ya kweli. Lakini tangu tujue hilo, hatuwezi tena kuisoma barua kama tenzi ya shujaa, kama wanavyoisoma baadhi ya wenzetu. Ni barua ya mtu aliyeshindwa nusu, na kwa maoni yetu ni bora zaidi ikisomwa hivyo.

Tuje chini. Anamaliza kwa kuwashauri watu wasiamini siri zao kwa kampuni yoyote yenye mizizi Marekani, mpaka Bunge au mahakama zibadilishe mambo. Mfanyabiashara wa Marekani anawaambia wateja wasinunue kwa wafanyabiashara wa Marekani, naye akiwamo. Halafu anatia sahihi: mmiliki na mwendeshaji. Alianza kwa "wenzangu", akamaliza kwa "mmiliki". Hatudhani aliona mgongano huo, na ni vizuri hakuuona, maana angeulainisha. Yule aliyekuwa na uwezo wa kuzima swichi alikuwa mmoja tu, na wenzake 410,000 hawakuulizwa.

Chini ya sahihi kuna nyongeza: kuitetea Katiba ni gharama, nisaidieni kwa kuchangia mfuko wa kesi. Hapa tulicheka, na kila aliyewahi kupokea barua kutoka nyumbani atacheka nasi. Salamu kurasa mbili, habari za mvua na za mashamba, jina, tarehe, na pale chini kabisa penye upenyo mdogo: "Nilisahau kukueleza, karo ya mtoto bado." Ombi zito huja baada ya sahihi kwa sababu linaona haya. Walioikosoa barua wakati ule waliishikilia nyongeza hiyo, wakasema ameharibu utukufu wa maneno kwa bakuli la kuombea. Sisi tunaona kinyume. Bila nyongeza hiyo barua ingekuwa hotuba. Ni hiyo inayoonyesha kwamba neno "wenzangu" halikuwa pambo, kwani mtu huomba kwa wenzake, haombi kwa wateja.

Nao wakatoa. Hilo ndilo linalotufanya tuihesabu barua hii miongoni mwa maandishi yaliyofanya kazi. Watu waliopoteza sanduku bila taarifa, waliomlipa fedha kwa huduma ambayo imezimika usiku kucha, walimpelekea fedha zaidi. Mwezi Novemba mwaka huo huo, alipoitisha mchango wa kutengeneza barua pepe ya aina mpya pamoja na watu wa kampuni ya Silent Circle, zilipatikana zaidi ya dola 200,000. Uaminifu wa mteja tunaoujua sisi ni ule wa kadi ya dukani, nunua mara kumi upate kahawa ya bure. Huu hauna kahawa. Duka limefungwa, na mteja amesimama nje anapitisha bahasha chini ya mlango.

Lakini tusiwasahau waliosimama nje bila bahasha. Palikuwa na watu ambao barua zao za miaka zilibaki humo: mikataba, barua za wapenzi, picha za watoto, anwani za jamaa. Kwa mtu aliye mbali na kwao, sanduku la barua pepe ndilo kabati lake la nyaraka. Barua haina hata neno moja la pole kwao. Tumeitafuta, haimo. Ni mwezi Oktoba, miezi miwili baadaye, alipowafungulia wateja mlango kwa saa 72 wabadilishe maneno ya siri, kisha wapakue vitu vyao. Tunaelewa kwamba Agosti asingeweza kuiacha nyumba wazi wakati ufunguo uko mikononi mwa wengine. Lakini kusema "najua mmeacha vitu ndani, nisameheni" hakuna sheria iliyokataza. Hili ndilo doa kubwa la barua, na wanaoisifu hupenda kuliruka. Mzee wetu wa daftari alikataa kutoa majina, ila jumla aliitoa hadi senti ya mwisho, siku ile ile.

Haikuwa barua ya kwanza ya aina yake. Tarehe 30 Agosti 1996 Johan Helsingius wa Helsinki alifunga anon.penet.fi, huduma iliyoficha majina ya watumaji wapatao laki saba, baada ya mahakama za Finland kumtaka ataje watu. Na siku moja baada ya Lavabit, Silent Circle walizima barua pepe yao kabla hata hawajapelekewa amri. Ya Levison ndiyo inayosomeka hadi leo, nadhani kwa sababu ya ile nyongeza.

Kwa nini tuwachoshe wasomaji na mambo ya Texas? Kwa sababu sisi nasi tumekuwa watumiaji. Wenzetu walioko Ghuba wanajua jinsi simu za WhatsApp zilivyokuwa haziendi kwa miaka mingi, na jinsi jina la programu ya VPN lilivyopitishwa kwa kunong'onezana, kama zamani lilivyopitishwa jina la duka lenye kadi nafuu za simu. Uganda ilipozima mitandao ya kijamii siku ya uchaguzi, Februari 2016, na Tanzania ilipobana Oktoba 2020, majina hayo yalipita tena, safari hii kutoka huku kwenda nyumbani. Huo ni wema, na sisi pia tumeufanya. Ila tulipotumiana majina hayo tulisifu jambo moja tu: ni ya bure na inashika. Nani analishika daftari, hatukuuliza. Tumewapelekea mama zetu sanduku la mtu ambaye hajawahi kutuandikia barua hata moja, ya salamu wala ya kuaga.

Rufaa ya Levison ilishindwa tarehe 16 Aprili 2014. Majaji hawakugusa Katiba. Walisema hoja zake hakuzitoa mapema, kule chini, alipokuwa amesimama bila wakili. Lavabit ilifunguliwa tena tarehe 20 Januari 2017, siku Marekani ilipokuwa ikimwapisha rais mpya. Wapya waliambiwa wajiandikishe wasubiri. Walioingia mwanzoni walikuwa wale wa zamani, kwa akaunti zao zile zile, alimradi wawe bado wanalikumbuka neno la siri.