Kuhariri, Kuhakiki, Kudhibiti: Mhamo wa Maana na Mustakabali wa Matini za Kiswahili Uganda Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mhamo wa maana wa vitenzi vitatu vinavyotaja kazi inayofanywa juu ya matini ya mtu mwingine: kuhariri, kuhakiki na kudhibiti. Vyote vitatu vilitoka katika msamiati wa wanazuoni na wanakili wa Kiarabu, na vyote vilibadilika vilipokaa katika Kiswahili cha taasisi. Hoja kuu ni kwamba kudhibiti kumegeuza mwelekeo: uliokuwa wajibu wa mtu anayeibeba matini umekuwa mamlaka ya mtu anayeizuia. Kwa mifano ya Jinja na Mbale, makala yanaonesha kwamba mchanganyiko wa vitenzi hivi unaweza kuathiri vitabu vya Kiswahili vinavyoandaliwa kwa ajili ya shule za Uganda, na yanapendekeza namna ya kuvitenganisha.

1.0 Utangulizi

Uganda imo katika kipindi cha kuandika Kiswahili chake. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikiweka miongoni mwa masomo ya lazima ya miaka miwili ya mwanzo. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wa Kiswahili kama lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi haya yanadai vitabu, na kila kitabu cha shule hupita katika mikono ya watu wasiokiandika. Je, kazi ya watu hao tunaiitaje?

Swali hili laweza kuonekana dogo, la watunga kamusi peke yao. Hata hivyo, jina la kazi ndilo linalomwambia mtendaji mipaka yake. Aliyeambiwa ahariri ana wajibu fulani kwa mwandishi, ilhali aliyeambiwa adhibiti ana wajibu kwa aliyemtuma. Pale ambapo waraka mmoja unayatumia maneno haya mawili kana kwamba ni pacha, mwandishi hana njia ya kujua ni nani aliyeigusa kazi yake, wala kwa haki gani.

2.0 Asili ya Vitenzi Vitatu

Mzizi wa Kiarabu uliotupa huru na uhuru ndio uliotupa pia kitenzi hariri. Katika Kurani (4:92), tahrir ni kumwachia huru mtumwa, ikiwa sehemu ya kafara ya kuua bila kukusudia. Kando ya maana hiyo ilikua maana ya kuandika kwa usahihi na kuiandaa matini, na hii ndiyo iliyotuletea mhariri na tahariri. Hariri ya kitambaa, inayotajwa sana katika tenzi za kale, ni nomino nyingine iliyofanana nayo kwa sauti. Kwa hiyo mhariri, kwa nasaba ya neno lake, ni ndugu wa mkombozi: anaiondolea matini makosa yanayoifunga.

Kitenzi hakiki kilianza kwa maana ya kuuthibitisha ukweli wa jambo. Kwa wasomi wa miswada ya Kiarabu, tahqiq ni kazi ya kulinganisha nakala mbalimbali za maandishi ili kuipata matini inayoaminika. Kiswahili kimeigawa maana hiyo: katika fasihi, uhakiki ni tathmini ya kazi ya sanaa, katika ofisi, kama tunapozungumzia uhakiki wa vyeti, maana ya uthibitishaji ingali hai.

Cha tatu, kudhibiti, ndicho kilichosafiri mbali zaidi. Katika elimu ya hadithi, dhabt ni mojawapo ya masharti ya msimulizi ambaye hadithi yake itahesabiwa kuwa sahihi. Pamoja na uadilifu, anatakiwa awe amehifadhi barabara alichokisikia na akitoe kama alivyokipokea. Kwa wanakili, neno hilohilo lilihusu kutia irabu na nukta ili neno lisije likasomwa vinginevyo. Hivyo dhabt ilikuwa nidhamu ya mtu juu ya nafsi yake mwenyewe. Aliyedhibiti alijifunga asiongeze wala asipunguze. Kivuli cha maana hiyo kimebaki katika kivumishi dhabiti, tunachokitumia kumsifu mtu au jambo lililo imara.

3.0 Mwelekeo Uliogeuka

Leo hudhibitiwa mfumuko wa bei, magonjwa ya mlipuko, magendo na ghasia. Katika taarifa ya habari, hali iliyodhibitiwa ni hali ambayo nguvu imeizima. Ikihusishwa na matini, udhibiti ni kazi ya mwenye mamlaka juu ya maandishi ya mwingine: kukata, kuzuia, kupiga marufuku. Anayejizuia si mpokezi wa maneno tena; mwandishi ndiye anayezuiwa.

Mtu anaweza kupinga kwamba neno si mtumwa wa asili yake, na kwamba Kiswahili kina haki ya kukitumia kitenzi kinavyokifaa. Pingamizi hilo ni la haki. Makala haya hayadai kwamba turudi kwenye maana ya wanazuoni. Yanauliza ni mazingira gani yaliyougeuza mwelekeo, na ni tofauti gani tuliyoipoteza njiani.

Sehemu ya jibu imo katika historia ya usanifishaji. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930 ikizihudumia Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kazi yake haikuishia kwenye kamusi na tahajia; ilipitia pia miswada ya vitabu, na iliyokubaliwa ikapewa ithibati yake. Whiteley (1969), aliyeitumikia Kamati hiyo, ameieleza kazi hiyo kwa mapana. Hapo ndipo mikono miwili ilipovaa kanzu moja. Mtu aliyesahihisha upatanisho wa ngeli ndiye huyohuyo aliyekuwa na uwezo wa kusema kitabu hiki kisitoke. Kwa mwandishi, sahihisho lililotoka kwa mwenye uwezo wa kukataa halikuwa ushauri bali sharti.

Tangu 1952 hadi 1962 Kamati ilikuwa na makao yake Makerere, Kampala. Katika muongo huohuo Tume ya Kifalme ya 1953–1955 iliona kwamba kuwafundisha Kiswahili watoto walioanza elimu kwa lugha nyingine za kienyeji ni kupoteza muda na nguvu. Hivyo Uganda iliyapokea makao ya taasisi iliyoamua Kiswahili kipi kichapishwe, huku Kiswahili cha raia wake kikikosa nafasi darasani na kwenye kurasa.

Sheria nayo ilichangia. Katika mkusanyo wa Sheria za Uganda wa mwaka 2000 bado ilikuwamo sheria ya asili ya kikoloni ambayo jina lake liliunganisha udhibiti wa magazeti na usahihishaji wake. Muungano huo katika jina ni ushahidi wa fikra: kwamba kuzuia ni aina ya kusahihisha. Mwaka 1968 Rajat Neogy, mhariri wa jarida la Transition lililokuwa likitolewa Kampala, alikamatwa pamoja na mwanasheria Abu Mayanja, ambaye maandishi yake kuhusu katiba yalikuwa yamechapishwa humo. Tukio hilo linaonesha tofauti ambayo msamiati wetu unaififisha. Jina la mhariri limechapishwa katika jarida, naye huwajibika kwalo. Mdhibiti hufanya kazi bila jina.

Taasisi zenyewe zinaonekana kulikwepa neno hili. Tanzania Bara ilikuwa na Bodi ya Ukaguzi wa Filamu na Michezo ya Kuigiza. Zanzibar ina Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na humo neno sensa, ambalo raia wengi wanalijua kwa kuhesabiwa watu, limebeba maana ya kupitisha au kuzuia kazi ya sanaa. Katika elimu, nyaraka na mazungumzo hubabaika kati ya mdhibiti ubora na mthibiti ubora wa shule. Herufi moja inatenganisha anayezuia na anayethibitisha, na mbabaiko huo si wa tahajia peke yake.

4.0 Mbale na Jinja: Maisha Mawili ya Neno

Miji hii miwili, inayounganishwa na barabara ya Iganga na Tirinyi, inafaa kutazamwa pamoja kwa sababu kila mmoja unawakilisha upande mmoja wa historia hii.

Mbale ndiko yaliko makao makuu ya Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1988. Anayesoma elimu ya hadithi hukutana na dhabt kama sifa ya msimulizi mwaminifu. Akifungua gazeti la Kiswahili, hukutana na udhibiti kama tendo la serikali. Maana mbili ambazo kwingineko zimetenganishwa na karne nyingi zinaweza kukutana katika begi moja la vitabu.

Jinja ina historia nyingine. Ni mji wa kambi, reli na viwanda. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na viwanda vilivyofuata viliwakusanya wafanyakazi wa lugha nyingi. Kabla ya hapo kikosi cha nne cha King's African Rifles kilikuwa na makao yake humo. Ni humo pia askari walipoasi mnamo Januari 1964, na leo eneo la Kimaka lina chuo cha juu cha makamanda wa jeshi. Kwa vizazi vingi Kiswahili kimesikika hapa kikiwa lugha ya amri. Agizo la Idi Amin la mwaka 1973, lililokifanya kuwa lugha ya taifa, halikuwaondolea wananchi wengi taswira hiyo. Mahali ambapo lugha yenyewe inahusishwa na bunduki, kuiita kazi ya kukiandaa kitabu cha mtoto udhibiti ni kuirudisha kambini.

5.0 Matini Mezani

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwandishi wa Mbale anapeleka hadithi fupi ya kusomwa darasani. Kijana katika hadithi anajiandaa kwa imbalu, na mama yake anauza malewa sokoni. Msomaji wa miswada anafuta imbalu na kuandika jando. Malewa nayo yanakuwa machipukizi ya mianzi.

Kwa mtazamo wa kwanza huu ni uhariri wa kawaida: neno la lugha ya jirani limebadilishwa kwa neno lililozoeleka. Lakini imbalu ya Wamasaba hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na uzinduzi wake hufanyika Mutoto, karibu na Mbale. Kijana hutahiriwa akiwa amesimama, mbele ya umma, bila kutikisika. Jando, kama linavyofahamika katika maandishi mengi ya Kiswahili, humpeleka msomaji kwenye kambi ya faragha na mafunzo ya siri. Hadithi sasa inasema jambo ambalo mwandishi hakulisema, na mtoto wa Mbale haioni mila ya kwao katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili yake. Hakuna aliyekusudia kuzuia chochote. Tendo lilifanywa kwa jina la kuhariri, lakini matokeo yake ni ya kudhibiti kwa maana ya leo. Zaidi ya hayo, msomaji huyo amekosa dhabt kwa maana ya kale, kwa kuwa hakukitoa alichopokea kama alivyokipokea.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Katika hadithi hiyohiyo, mchuuzi anasema, “Ndizi iko, lakini pesa yako hapana.” Kiswahili cha namna hii husikika katika masoko ya miji yetu. Kikiachwa katika sauti ya msimulizi, mwanafunzi atafundishwa upatanisho usiokubalika katika mtihani, na mhariri ana wajibu wa kukirekebisha. Kikiwa katika kinywa cha mhusika, kukisahihisha ni kumfanya mchuuzi azungumze kama mtangazaji wa redio. Suluhisho la uhariri lipo: kauli ibaki, na zoezi chini yake limtake mwanafunzi ailinganishe na Kiswahili sanifu. Hapo usanifu unafundishwa bila kumfuta msemaji.

Wenye wasiwasi kwamba milango ikifunguliwa lugha itavurugika wakumbuke neno bodaboda. Lilizaliwa mpakani Busia, katika Uganda Mashariki hiihii, kwa wapanda baiskeli waliovusha abiria. Hakuna kamati iliyolitunga. Leo linaandikwa katika nyaraka za serikali na magazeti ya Afrika Mashariki nzima. Lingepita mezani likiwa bado changa, yaelekea lingefutwa.

6.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kwanza, taasisi zinazoandaa vitabu vya Kiswahili nchini Uganda zitenganishe kazi tatu katika miongozo yao. Kuhariri kuwe kuishughulikia lugha na mpangilio wa matini kwa mashauriano na mwandishi. Kuhakiki kuwe kuthibitisha ukweli wa yaliyomo, ikiwemo mila na mahali panapotajwa. Kuidhinisha kuwe uamuzi wa kukikubali au kukikataa kitabu. Inapowezekana, kila kazi iwe na mtu wake. Isipowezekana, iwe angalau na saini yake.

Pili, kila badiliko linalogusa maana, na kila uamuzi wa kukataa, liambatane na sababu iliyoandikwa, na mwandishi apewe nafasi ya kujibu.

Tatu, istilahi kudhibiti iondolewe katika maelezo ya kazi ya uhariri na ibakie kwa kile inachokitaja leo. Serikali ikizuia kitabu, tendo hilo liitwe udhibiti, lisijifiche nyuma ya ukaguzi, usahihishaji wala uthibiti ubora. Raia hawezi kulijadili tendo lisilo na jina lake.

Nne, matini zinazohusu Uganda Mashariki zipitiwe na angalau msomaji mmoja anayeijua Lusoga, Lumasaba au lugha nyingine ya mahali husika.

Mwelekeo wa neno kudhibiti hautarudishwa nyuma kwa azimio la kongamano. Kinachoweza kurudishwa ni nidhamu iliyokuwa ndani yake: kwamba anayeishika matini ya mwingine ajizuie kwanza yeye mwenyewe. Vitabu vinavyoandikwa sasa ndivyo vitakavyowaambia watoto wa Jinja na Mbale kama Kiswahili ni lugha yao au ni lugha ya watu wanaowasahihisha.