Heko kwa Wanaozirai Jukwaani

Katika Macbeth ya Shakespeare, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili, Bibi Macbeth huzirai baada ya maiti ya mfalme kugunduliwa. Mwigizaji anayelitendea haki tukio hilo nampa heko kwa moyo wote. Tazama magoti: hulegea kwanza, mwili ukashuka huku pumzi ikitoka, kisha ubavu wa mguu ukagusa sakafu, halafu paja, tako na, mwisho kabisa, bega. Kidevu amekibana kifuani, kichwa kisigonge mbao. Mikono haitangulii kamwe. Kifundo cha mkono huvunjika upesi. Na mwenzake anayemdaka kwapani, asiyepigiwa makofi, ana haki ya nusu ya sifa. Anguko hilo wamelirudia polepole, juu ya godoro, jioni baada ya jioni.