Chembe Kali na Chembe Pole

Mfuko wa chembe sahani una rangi ya manjano iliyofifia. Uinue kwenye mwanga, uuzungushe taratibu: chembe zikiwa nzima, utaona humo ndani kitu kinachometameta na kujiviringisha kama moshi. Mng'ao huo, hata hivyo, hausemi chembe hizo zina ukali kiasi gani. Wachangiaji wawili wenye afya njema wanaweza kutofautiana sana: kichocheo kilekile huziamsha chembe za huyu papo hapo (chembe kali), za yule zikajivuta (chembe pole).

Je, mgonjwa anayewekewa chembe kali hupata hasara? Watafiti wa Uingereza walihofia kwamba chembe za namna hiyo zingeondolewa haraka kwenye mzunguko wa damu. Jaribio lao lilichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Blood, na kwangu mimi uzito wake uko kwenye namna walivyowagawa wagonjwa.

Chembe sahani hudumu siku chache tu, kwenye nyuzijoto 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote. Huwezi kuziweka akiba ukisubiri kura ya kuamua mgonjwa apewe aina ipi. Basi mifuko ya aina zote mbili ilipokuwepo, kura ilipigwa. Ulipokuwepo wa aina moja tu, mgonjwa alipewa huohuo. Kati ya wagonjwa 100, waliopigiwa kura ni 47, na 53 hawakupigiwa. Huo ni udhaifu, na sioni sababu ya kuufunika. Kilichouokoa utafiti ni usiri: mgonjwa, mtafiti na mpimaji wa matokeo, hakuna aliyejua mfuko ni wa aina gani.

Damu ilipimwa dakika 10 hadi 90 baada ya kuongezewa. Kwa waliopewa chembe pole, idadi ya chembe sahani ilipanda kwa wastani wa bilioni 23.3 kwa lita. Kwa waliopewa kali, bilioni 21.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuthibitisha ile hofu. Kwa hiyo hakuna haja ya kuwachagua wachangiaji kwa kigezo hicho, maadamu chembe zinatolewa kwa kinga.

Neno "kinga" lisikupite. Hawa walikuwa wagonjwa ambao uboho wao umeshindwa kuzalisha chembe za kutosha, wakiongezewa kabla damu haijaanza kuvuja. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji chembe zinate kwenye jeraha sasa hivi, na kuhesabu zilizobaki kwenye mzunguko hakuonyeshi kama zimenata.