Bolti Zinakubali, Rejeta Inagoma

Land Rover 109 ya dizeli iliyojaa magunia ya mahindi huupanda Mlima Kitonga kwa gia ya pili, malori yakiwa yamejipanga nyuma yake yakipiga honi. Dereva hana kosa. Injini aliyopewa na kiwanda ina cc 2,286 na nguvu za farasi 62, nazo hazikamiliki mpaka izunguke mara 4,000 kwa dakika, kelele ambayo hakuna mwenye gari anayetaka kuivumilia kwa zaidi ya kilomita moja. Nguvu ya kusokota, ile inayohesabika mlimani, ni niutoni mita 140 hivi.

Mwaka 1989 kiwanda hichohicho kilizindua Discovery yenye dizeli mpya, 200Tdi. Ilikuwa na turbo, intakula ya kupoza hewa, na nozeli zinazopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni badala ya kuyapitisha kwenye chumba cha pembeni kama zamani. Matokeo yake: farasi 111, na niutoni mita 265 zinazopatikana mizunguko ikiwa 1,800 tu. Ujazo wa injini ni cc 2,495. Kwa nyongeza ya cc 209, nguvu imekaribia kuwa maradufu.

Kilichofuata ni kutu. Discovery za mwanzo zilioza bodi zikiwa bado changa, na kwenye viwanja vya magari mabovu vya Uingereza zikawa zimelala na injini nzima kabisa. Wenye Land Rover Series III, gari lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, walikuwa na tatizo la kinyume: bodi ya aluminiamu ipo, injini imechoka. Hakuna aliyehitaji kuwashauri. Kuhamisha 200Tdi kutoka Discovery kwenda Series kukawa kazi ya kawaida ya gereji za nyuma ya nyumba, na mpaka leo ndiyo mfano mzuri kuliko yote wa kumwonyesha fundi ni wapi kazi hii huwa rahisi na ni wapi humla mtu pesa.

Urahisi wake umetokana na ubahili wa Solihull, kiwanda cha Land Rover. Dizeli ya kwanza ya Land Rover ilitoka 1957 ikiwa na lita mbili. Ikapanuliwa ikawa 2,286, ikarefushwa mwendo wa pistoni ikawa 2,495, na hata ilipofika zamu ya 200Tdi, iliyobuniwa kwa msaada wa AVL ya Austria, uso wa nyuma wa bloku unaokutana na giaboksi ulibaki na matundu yaleyale. Miaka zaidi ya thelathini, na bolti bado zinaingia.

Ndiyo maana fundi akishusha injini ya zamani hatupi kila kitu. Nyumba ya flaiwili ya Series huhamia nyuma ya 200Tdi. Flaiwili ya Tdi hubaki, ila haina matundu ya kufungia klachi ya Series. Hupelekwa kwa mkerezaji, ikatobolewa na kuchongwa hesi upya ili ipokee klachi ya inchi 9.5. Halafu kuna bushi ya shaba. Hugongwa katikati ya mwisho wa krenkishafti, na ncha ya shafti ya giaboksi huzunguka ndani yake. Ni kipande kidogo, bei yake haifikii hata ya oili ya kujazia, lakini kikisahaulika au kikichongwa kwa kukisia, shafti itayumba, klachi haitakata vizuri, na beringi ya mbele ya giaboksi itaanza kulia. Wakati huo injini imeshafungwa, maji yameshajazwa, na mwenye gari ameshalipa. Kurekebisha ni kushusha vyote upya.

Turbo ndiyo inayotenganisha 200Tdi ya Discovery na ndugu yake wa Defender. Ya Defender, yenye farasi 107, ina turbo iliyokaa juu. Ya Discovery imeshushwa chini, na kwenye Series mdomo wake wa ekzosi unaelekea kwenye chasisi. Wapo wanaotafuta manifoldi na turbo ya Defender, jambo safi lakini ghali. Wengine hukata kiwiko cha ekzosi na kuchomelea kingine kinachopita pembeni. Hii nayo inakubalika, mradi bomba lisiguse paipu ya breki wala waya, na mradi uchomeleaji usiache vipande vya chuma ndani. Kuna pia kundi la tatu, ambalo Uingereza lina wafuasi wengi: wanaong'oa turbo kabisa, wanaziba njia zake za oili, wanafunga manifoldi ya dizeli ya lita 2.5 isiyo na turbo, kisha wanapunguza mafuta kwenye pampu. Gari hilo huitwa 200Di. Halina mbio za ajabu, lakini linapita injini ya zamani kwa mbali na halina mabomba ya kugombana na boneti.

Sasa rejeta, na hapa ndipo kazi nyingi zimefia.

Rejeta ya Discovery imebeba vitu vitatu ndani ya fremu moja: kipoza maji, kipoza oili na intakula. Ni pana kuliko paneli ya mbele ya Series, kwa hiyo ama paneli ikatwe, ama sehemu ya mbele isogezwe kama ya Defender, ama fundi abakize rejeta ya zamani na kuiacha intakula stoo. Uamuzi wa mwisho ndio maarufu kwa sababu ni wa bei rahisi. Tatizo ni kwamba kichwa cha injini ya 200Tdi ni cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na aluminiamu haina huruma: joto likizidi mara moja, kichwa hupinda na gasketi hufuata. Gari linaweza kuzunguka mjini wiki nzima geji ikiwa imetulia, kisha likachemka siku ya kwanza ya mzigo, kilimani, upepo ukitoka nyuma.

Anayeiacha intakula lazima apunguze mafuta, kwani hewa ya moto ina oksijeni pungufu na dizeli iliyozidi hugeuka moshi mweusi na joto kwenye ekzosi. Wengi hufanya kinyume chake: wanafungua kifuniko cha pampu ya Bosch, wanaizungusha sindano inayoongeza mafuta kadiri turbo inavyosukuma, wanafurahia mwendo kwa msimu mmoja, kisha wanatafuta pistoni.

Jambo jingine la kupoza halionekani kwa macho. Injini ikijazwa maji kwa haraka, hewa hunaswa chini ya thermostati. Sensa ya joto ikiwa ndani ya hewa badala ya maji, geji husoma chini wakati kichwa kinaiva. Kuna kizibo juu ya nyumba ya thermostati. Kifunguliwe, maji yamiminwe taratibu mpaka yatoke bila povu, na tangi la akiba liwekwe juu kuliko kichwa cha injini. Anayeruka hatua hii ataisingizia rejeta kosa ambalo si lake.

Injini ikishapoa vizuri, dereva hugundua kwamba gari lina nguvu lakini halikimbii. Hesabu yake ni fupi. Difu za Series zina uwiano wa 4.7, na giaboksi ya kugawa nguvu ina 1.15 kwenye mwendo wa juu. Kwa matairi ya 7.50-16, mizunguko 3,000 ya injini kwenye gia ya nne inatoa kama kilomita 80 kwa saa. Series fupi, 88, ina dawa: difu za Range Rover ya kwanza zenye uwiano wa 3.54 huingia kwenye ekseli zake, na mizunguko ileile sasa inafika karibu kilomita 108. Spidomita itadanganya mpaka irekebishwe. Kwenye 109 ndefu mambo ni magumu, kwa kuwa Series III nyingi za aina hiyo zina ekseli ya nyuma ya Salisbury, ambayo haipokei difu hizo. Huko jibu ni ovadraivu, au kukubali kwamba gari limenunuliwa kubeba.

Umeme hauchukui muda. Pampu inahitaji waya mmoja wa kufungua mafuta swichi ikiwashwa, na kebo ya zamani ya kuzimia injini inastaafu. Hita plagi tu ndizo za kuangaliwa: za Series ziliunganishwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, za Tdi kila moja hupokea volti 12 zake. Zikifungwa kwenye nyaya za zamani hazitawaka ipasavyo.

Breki ni habari nyingine. Series III ina dramu kwenye magurudumu yote manne, zilizokusudiwa gari la farasi 62. Kwa bahati nzuri 200Tdi ina pampu ya vakyumu ubavuni, kwa hiyo servo inaweza kuongezwa bila uchawi wowote. Fundi anayemaliza injini na kumwachia mteja breki zilezile bila neno hajamaliza kazi.

Afrika Mashariki kazi hii ina adui wawili wasiokuwapo sana Uingereza. Wa kwanza ni vumbi: gurudumu la turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na klipu moja iliyolegea kati ya filta na turbo inatosha kulimaliza. Wa pili ni dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Pampu ya Bosch hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Tanzania, mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, lakini dumu la njiani halina vinasaba vya kuaminika.

Mtu atauliza kwa nini asiweke Isuzu, ambayo spea zake ziko kila mahali. Anaweza. Australia Land Rover 110 zilitoka kiwandani na Isuzu 4BD1 ya lita 3.9, na jeshi la nchi hiyo likaziagiza chini ya mradi wa Perentie. Lakini kwa Series mtaani, Isuzu inahitaji sahani ya kuunganishia giaboksi, na giaboksi ya Series yenyewe haikuumbwa kwa msokoto wa injini kubwa kiasi hicho. Kwa gari hili 200Tdi bado ndiyo chaguo lenye akili.

Anayetaka kuanza, basi, aisikilize injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi kabla ya kuilipia. Akipata ya Defender asiiache kwa ajili ya ya Discovery kwa tofauti ndogo ya bei. Mkanda wa taimingi abadilishe injini ikiwa bado chini, pesa ya rejeta na breki aitenge kabla ya kununua turbo, na namba mpya ya injini aipeleke iandikwe kwenye kadi ya gari kabla trafiki hajafungua boneti.