Mkanda Unaondoka, Picha Hairudi

Kila baada ya miaka michache mtu hutangaza kwamba kamera za mkanda zimerudi. Hoja zake huwa ni zilezile. Mkanda una picha 36 tu, kwa hiyo utajifunza subira. Hauna skrini, kwa hiyo utalazimika kumtazama mtu aliye mbele yako badala ya kutazama kioo. Unagharimu pesa, kwa hiyo utaiheshimu kila picha. Nimesoma maneno haya mara nyingi, na kwa karibu miaka saba nimeyaamini, nikayaacha, nikayarudia. Nimefanya hivyo nikiwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, na sasa nataka kuyapima hapahapa, maana hoja inayosimama Nairobi si lazima isimame kwetu.

Tuanze na subira. Anayeisifu huwa anaishi karibu na mahali pa kuoshea mkanda. Anapeleka leo, anangoja wiki moja, anaiita hiyo wiki mafunzo ya roho. Mkanda wangu hutoka Lokitaung kwa gari la Lodwar, unapanda basi la Kitale, unaingia Nairobi, halafu unangoja zamu yake. Njiani unakaa kwenye joto ambalo hakuna kiwanda cha filamu kinachopendekeza. Mara moja mikanda yangu miwili ilipotea baada ya kupokelewa na maabara moja ya huko. Nikaambiwa nitume risiti, nikatuma, kisha simu ikawa haipokelewi tena. Sasa hiyo ni subira ya nani? Mtu anayechagua kungoja na mtu anayengojeshwa hawafanyi jambo moja, hata kama wote wawili wameshika kamera aina moja.

"Basi osha mwenyewe," marafiki huniambia. Sawa, tuangalie. Dawa za kawaida za mkanda wa nyeusi na nyeupe hupimwa kwa nyuzijoto 20. Hapa maji ya tangi saa nane mchana yako mbali sana na 20. Ukizitumia dawa zikiwa moto, kazi inaisha haraka kuliko mkono wako unavyoweza kuidhibiti, na ule utandu laini unaobeba picha huanza kulegea. Unahitaji barafu, na barafu inahitaji friji, na friji inahitaji umeme wa kutegemewa. Mkanda wa rangi, ambao wengi huogopa kuuosha nyumbani, ndio uliotengenezewa nyuzijoto 38. Mtu wa London hupasha maji moto ili afike hapo. Sisi tunaweka chupa ya dawa kivulini, tunangoja kidogo tu. Kwa hiyo mimi huosha rangi, usiku, ndani ya nyumba ya mabati iliyozibwa kwa blanketi. Si kwa sababu ya mtindo. Hali ya hewa imeniamulia.

Halafu kuna maji yenyewe. Vitabu vya zamani husema suuza mkanda chini ya bomba linalotiririka. Lakini wapi! Mahali ambapo wanawake huchimba mchanga wa laga iliyokauka hadi wapate maji ya kujaza mtungi mmoja, huwezi kufungua bomba dakika ishirini kwa ajili ya picha. Kampuni ya Ilford, kwa mikanda yake ya nyeusi na nyeupe, ilieleza njia nyingine: jaza kopo, lipindue mara tano, mwaga, jaza tena, pindua mara kumi, mwaga, jaza tena, pindua mara ishirini. Kwa kopo dogo hiyo ni kama lita moja tu. Wakati wa kiangazi, kipimo hicho ndicho kinachoamua kama nina haki ya kuendelea na burudani yangu au niiweke kando mpaka mvua.

Nimeeleza mambo haya ya joto na maji kwa sababu hayaishii kwenye ufundi. Yanaeleza historia nzima ya picha za Turkana. Kwa miaka mingi mwanga ulichukuliwa hapa, ukaenda kugeuzwa picha kwingine. Mkanda maarufu wa Kodachrome, kwa mfano, haukuoshwa na mtu nyumbani kwake. Ulihitaji maabara maalumu, na ya mwisho, huko Kansas, Marekani, iliacha kuupokea mwishoni mwa 2010. Aliyepigwa picha alibaki na kumbukumbu ya mgeni aliyesimama mbele yake kwa muda. Mgeni akaondoka na uso.

Mfikirie Wilfred Thesiger. Mwingereza huyu alianza safari zake za kaskazini mwa Kenya mwaka 1960, akaishi Maralal kwa miaka mingi, na alitembea na kamera ya Leica. Hakuwa mpiga picha wa kuajiriwa. Alikuwa msafiri aliyependa kupiga picha, kama mimi, ila yeye hakukatizwa na bei ya mkanda. Negativu zake takribani 38,000 ziko katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford. Zimehifadhiwa vizuri, na picha zenyewe ni nzuri: watu wamesimama kwa heshima, mwanga umekaa mahali pake, hakuna aliyefanywa kichekesho. Siwezi kumnyima hilo. Lakini mtu wa Turkana akitaka kujua kama babu yake yumo kati ya negativu hizo, atahitaji intaneti nzuri, Kiingereza, na bahati ya kwamba kuna aliyeandika jina la babu. Uzuri wa picha haujibu swali la anwani yake.

Kisha yaangalie majina ya vitabu. Mwaka 1971 Mirella Ricciardi alitoa "Vanishing Africa", yaani Afrika inayotoweka. Mwaka 1981 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi na mmoja wa wapiga picha hodari kabisa waliotoka Afrika Mashariki, alitoa kitabu kuhusu eneo la Ziwa Turkana, akakiita "Cradle of Mankind", chimbuko la binadamu. Ninamheshimu Amin, mwaka 1984, kutoka Korem, yeye na wenzake waliifanya dunia iione njaa ya Ethiopia. Lakini yaweke majina hayo mawili pamoja. Moja linaona mwisho, lingine linaona mwanzo. Ama tunatoweka, ama ndiyo kwanza tumetokea kwenye udongo wa Nariokotome, palipopatikana mifupa ya yule kijana wa kale mwaka huohuo wa 1984. Kati ya mwanzo na mwisho hakuna Jumanne ya kawaida, ya mtu anayetafuta salio la simu na dawa ya mbuzi.

Hapa ndipo kamera ya mkanda inapohitaji kuangaliwa kwa jicho kali. Chembechembe zake na rangi zake zilizofifia humzeesha mtu papo hapo. Piga picha ya msichana wa Lokitaung leo kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe, naye atafanana na mtu wa 1971. Wapenzi wa mkanda huiita hiyo "hali isiyo na wakati". Kwa mtu wa Nairobi ni pambo tu, maana hakuna anayetilia shaka kwamba Nairobi ipo leo. Kwa Mturkana ni hukumu ya zamani inayorudiwa. Nenda Lodwar wakati wa tamasha la Tobong'u Lore uone wageni wenye lenzi ndefu wakimwomba mzee avue saa, au wakisubiri mwenye jezi ya Arsenal apite ndipo wabonyeze. Mimi nina kanuni moja: picha ya Turkana ambayo ndani yake hakuna hata mtungi mmoja wa plastiki ya njano, naishuku. Kuna kitu kimesogezwa pembeni.

Je, inawezekana kufanya kazi nzuri kwa mkanda hapa? Inawezekana, na mfano upo, ingawa ni wa sinema. David na Judith MacDougall walirekodi filamu tatu kati ya Waturkana mnamo 1973 na 1974. Katika "The Wedding Camels" tunafuata majadiliano ya mahari, Kongu akitaka kumwoa Akai, binti wa Lorang. Watu wanabishana kuhusu idadi ya mifugo, wanakasirika, wanahesabu upya. Wanasema kwa Kiturkana, nasi tunasoma tafsiri chini. Unapotazama unasahau "chimbuko" na "kutoweka", kwa sababu una hamu ya kujua kama ngamia watatosha. Lorang anajua bei ya binti yake, anajua pia kwamba anatazamwa, na anaongea kama mtu mwenye lake. Huo ndio mkanda uliofanya kazi yake. Subira ya watengenezaji haikuwa katika kungoja maabara. Ilikuwa katika kuwasikiliza watu mpaka mwisho wa sentensi.

Kwangu mapenzi haya yamekatika mara tatu, na sababu haikuwa kuchoka. Mara ya kwanza karo ilinishinda, nikaacha chuo, kamera ikauzwa pamoja na godoro. Mara ya pili bei ilipanda: mkanda mmoja pamoja na kuuosha ulikula pesa ya mbuzi mdogo, na nyumbani kwetu mtu akikuuliza "mbuzi au picha?" hahitaji kungoja jibu. Mara ya tatu ni watoto walionikatiza. Nilikuwa nimewapiga picha karibu na makutano ya njia. Wakakimbia nyuma ya kamera kujiona, kama walivyozoea kwenye simu. Wakakuta plastiki nyeusi. Mmoja akaigusa, akaniangalia, akasema, "Haiko." Nikawaeleza kwamba picha ipo ndani, itakuja. Mzee aliyekuwa amekalia ekicholong chake akacheka. "Mjukuu wangu," akasema, "hata wale wa zamani walisema itakuja."

Niliiweka kamera chini mwaka mzima kwa sababu ya sentensi hiyo.

Ungedhani simu imemaliza neno. Kweli, simu imeleta haki moja kubwa: aliyepigwa anajiona papo hapo, anaweza kusema futa. Lakini muulize mtu wa hapa picha zake za miaka mitano iliyopita ziko wapi. Simu iliingia maji, iliibwa, memori ilijaa, akabadilisha laini. Shangazi yangu ana watoto sita na picha mbili za karatasi. Ya kwanza ilipigwa studio ya Lodwar, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, yeye na marehemu mumewe wakiwa wameshikana mikono kama watu wanaotia saini. Imepauka, kona moja imeliwa na panya, lakini ipo. Hakuna kitabu chochote nilichokitaja hapo juu ambacho kimo nyumbani mwake. Yule mpiga picha wa Lodwar, ambaye hatatajwa katika historia ya sanaa, alifanya jambo ambalo watu wa lenzi ndefu hawakulifanya: alimpa mteja picha yake, akalipwa, wakaachana wakiwa sawa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Subira, chembechembe na harufu ya dawa ni mambo ya mpiga picha mwenyewe, na hayana uzito kwa anayepigwa. Faida halisi ya mkanda ni moja: unaacha kitu cha kushikika, negativu inayoweza kukaa ndani ya bahasha miaka hamsini bila chaji. Faida hiyo inahesabika tu kama kitu hicho, au karatasi iliyotokana nacho, kinakaa karibu na mwenye uso. Mkanda ukiosha wa Lokitaung na kuupeleka kwenye ukuta wa wengine, tofauti yako na wageni wa 1971 ni bei ya nauli tu.

Nimeanza tena mwaka huu, kwa masharti. Rangi pekee. Mikanda minne kwa mwaka, kwa kuwa ndiyo ninayoweza kuiosha bila kugombania maji na mtu. Kila aliyepigwa anaandikwa jina kwenye daftari na anapata karatasi yake kabla sijaonyesha picha hiyo popote. Mpaka sasa nimerudisha kumi na tisa. Mzee wa ekicholong aliipokea yake, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimeandikwa, akauliza kwa nini viatu vyake havikuingia.