Mashine Inayoamuru na Mashine Inayokumbuka

Mwezi uliopita shemeji yangu alinijia na karatasi iliyoandikwa majina ya mashine mbili za GPS na programu moja ya simu, akaniomba nimchagulie. Amekwisha nunua hema na jiko la gesi, gari lake linavuta kwa magurudumu yote manne, na likizo ya shule ikifika anataka kuipitisha familia njia ya Mto wa Mbu, Engaruka, na Ngare Sero kando ya Ziwa Natron, kisha wapande ukingo wa Bonde la Ufa hadi Sonjo na Loliondo. Watalala porini siku nne. Watoto wake ni watatu, na wa mwisho hajaanza shule. Alidhani nitaangalia bei na kumtajia jina moja pale pale. Nilimwambia aniachie ile karatasi.

Njia hiyo imewahi kunitia adabu. Ilikuwa mwishoni mwa Machi 2014, tukiwa watu watano, nasi tulikuwa na mashine ya kioo kikubwa, ambayo jina lake sitalitaja, imebandikwa mbele ya dereva. Ilituchorea mstari wa zambarau kutoka Engaruka kwenda kaskazini, nasi tukaufuata kwa imani ambayo leo inanitia haya. Mtu aliyepita huko anajua kwamba pale chini ya mlima Kerimasi na Ol Doinyo Lengai hakuna njia moja. Kuna njia kumi zinazoachana na kukutana tena, kila dereva akikwepa vumbi au tope la aliyemtangulia. Mashine ilikuwa imechagua mojawapo. Saa kumi na moja jioni mstari wetu ulivuka, bila wasiwasi wowote, korongo ambalo kwenye kioo halikuwapo na ambalo ardhini lilikuwa na kina cha kumzika mtu amesimama. Sauti ya mwanamke ikatuambia twende mbele moja kwa moja.

Tulipojaribu kugeuza, gurudumu la nyuma likazama. Tulichimba hadi giza likaingia, mvua ikanyesha, tukalala humo humo garini na maji ya kunywa lita kumi na moja kwa watu watano. Asubuhi akaja layoni mmoja na mbuzi wake, akatutazama kwa adabu, akasema njia ile ilikufa mvua mbili zilizopita. Kijana yule alijua tarehe ya kifo cha barabara, na mashine yetu haikuwa na habari za msiba.

Kilichotutoa ni kidude kidogo kilichokuwa mkobani mwa mwenzetu mmoja, cha ukubwa wa sabuni ya kuogea, ambacho tangu Mto wa Mbu hakikusema neno. Kilikuwa kimeandika tu kila tulipopita. Baada ya kujinasua tuliufuata ule mstari wetu wenyewe kurudi nyuma, mchepuko kwa mchepuko, hadi mahali tulipopotea. Tangu siku ile nazipima mashine hizi kwa swali moja: inafanya nini ramani yake inapokosea?

Tuwe waadilifu. Kosa la usiku ule halikuwa la setilaiti. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani, yenye mali, ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi wanayopewa raia, hata mtu akaweza kuonyeshwa mita mia moja kando ya mahali alipo. Uvurugaji huo ulipokomeshwa, hata chombo cha bei rahisi kikawa kinakosea kwa mita chache tu mahali peupe. Kwa hiyo tangazo linalojisifu kwamba mashine fulani ni sahihi kuliko nyingine halinishughulishi. Zote zinajua ulipo. Kutojua kwao ni kutojua ardhi ilivyo hapo ulipo, na hilo halitoki mbinguni, linatoka kwenye ramani iliyopakiwa ndani.

Na ramani hizo huchorwaje? Za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, huchorwa na watu wa kujitolea, aghalabu kwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani. Za Tracks4Africa zimekusanywa kutokana na nyayo za wasafiri wenyewe, waliorekodi walikopita na kuzitoa. Nazipenda zote mbili, na bila ya hizo nyingi ya njia zetu zisingekuwa kwenye kioo chochote. Lakini ramani ya namna hii ni ushahidi, na shahidi huulizwa alikuwa wapi na lini. Wengi wa wageni wanaokwenda Natron kwa magari yao huenda kati ya Juni na Oktoba, ardhi ikiwa kavu kama bati. Mstari waliouacha ni mstari wa kiangazi. Hauonyeshi mwezi, wala hauonyeshi kama mtu aliyeuchora alifika salama au aliishia kulala kama sisi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, barabara ya Agosti ikifika Aprili ni bwawa, lakini kwenye kioo ni mstari ule ule, rangi ile ile, unene ule ule.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Agosti 2009 huko Death Valley, California, mama mmoja aliyekuwa akifuata mashine yake alikwama mchangani mbali na barabara kuu. Alipopatikana baada ya siku kadhaa alikuwa hai, lakini mwanawe alikuwa amekwisha kufa. Walinzi wa hifadhi ile wamekuwa na jina la vifo vya aina hiyo: kifo cha GPS. Nilimsimulia shemeji habari hiyo kwenye simu. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama ile ya kioo kikubwa ina ramani mpya zaidi.

Basi tuje kwenye karatasi yake. Ya kwanza ni Garmin Overlander, iliyotoka mwaka 2019, kioo chake inchi saba. Sitaidharau. Gari likirukaruka, kioo kikubwa husomeka bila dereva kuinama, na mashine hii huonyesha gari limelala ubavu kwa nyuzi ngapi, jambo ambalo mtu anayepanda ukingo wa Sonjo atalishukuru. Ubaya wake kwangu ni wa tabia. Imezaliwa katika ukoo wa mashine za mjini, zinazokuambia pinda kushoto, na mtu anayeambiwa pinda kushoto siku nzima huacha kutazama dirishani. Pili, inategemea umeme wa gari, kwani betri yake ya ndani ni ya saa chache tu. Gari likizimika kabisa, au ukilazimika kuliacha uende kwa miguu kutafuta watu, mashine ya bei kubwa kuliko zote inakuwa ya kwanza kukuaga.

Ya pili ni ya ukoo wa eTrex, ile 22x, nayo ya 2019. Kioo chake ni inchi mbili na ushei, na mtu wa umri wangu huvaa miwani kukisoma. Haina sauti. Vitufe vyake ni vya kubonyeza kweli, hivyo vidole vyenye tope au jasho havikuzuii. Hutumia betri mbili ndogo kama za redio ya mkononi, zinazouzwa hata dukani Engaruka, na hukaa saa ishirini na tano hivi. Kazi yake kubwa ni kuandika nyayo zako na kukurudisha kwa nyayo hizo hizo.

Ina jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Ninayo nyumbani karatasi ya zamani ya ramani ya 1:50,000, ya zile zilizochorwa kutokana na upimaji wa wakati wa Mwingereza. Makorongo yote yamo, kwa mikunjo ya kahawia iliyochorwa na watu waliotazama nchi na wala si barabara peke yake. Lakini karatasi hiyo ilipimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, ilhali setilaiti hutumia msingi mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za GPS na kuziweka moja kwa moja kwenye karatasi, katika nchi yetu unakosea kwa mita 300 hivi. Penye tambarare si kitu. Penye ukingo wa Bonde la Ufa, mita 300 ni tofauti ya kuwa juu ya genge na kuwa chini yake. Ile eTrex huruhusu kuchagua msingi, ukaweka Arc 1960 na namba zikalingana na karatasi. Programu za simu nilizozitumia mimi hazinipi nafasi hiyo.

Na maadamu tumegusa namba, yapo makosa mengine ya kijinga ambayo hayana dawa dukani. Mtu anakutumia mahali pa kambi: nyuzi 2, dakika 36.50. Wewe unasoma nyuzi 2, dakika 36, sekunde 50. Umekwisha potea kwa zaidi ya mita 600, na usiku utazunguka ukilaani setilaiti.

Ya tatu ni simu. Wengi wanaamini simu bila mtandao ni kipofu. Si kweli: kipokezi cha GPS kimo ndani yake na hufanya kazi hata pasipo mnara, mradi ramani uliipakua ukiwa nyumbani. Programu kama Organic Maps na OsmAnd hufanya hivyo, nami huenda nazo kila safari. Ila simu ikiwekwa nyuma ya kioo cha gari saa saba mchana, Natron, hupata joto hadi ikajizima yenyewe. Na simu hiyo hiyo ndiyo kamera na tochi, tena ndiyo mchezo wa mtoto wa mwisho.

Nilimwandikia shemeji hivi: nunua eTrex, pakua ramani kwenye simu mbili tofauti, na fedha zilizobaki ununue madumu mawili ya maji na kile chombo kidogo cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, kwa sababu kujua ulipo hakumsaidii mtu asiyeweza kumwambia mwingine. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, muulize mwenyeji njia ipi inapitika wiki hii, kisha linganisha na kioo. Wakitofautiana, mfuate mwenyeji.

Amenunua Overlander. Anasema watoto wanapenda sauti yake, na mkewe hataki kusoma kioo cha inchi mbili. Jumamosi nilikwenda kwake na eTrex yangu, nikaiwasha mlangoni, nikasubiri ipate setilaiti, nikaweka alama ya nyumba yake, kisha nikaikabidhi kwa binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na miwili, pamoja na betri nane. Nilimwonyesha kitufe cha kuwasha na ukurasa wa nyayo. Nimemwambia kazi yake ni moja tu, isizimwe mchana kutwa. Wanaondoka tarehe 8.